Makoti ya Julai

Mama yake rafiki yetu dereva aliamini kwamba Dubai ni Ulaya. Si kwamba hakuelezwa. Alielezwa na mwanawe, akaelezwa na binti zake, akaelezwa hata na mwalimu wa madrasa aliyewahi kufika Maskati na kurudi na miwani mipya. Alisikiliza, akaitikia, kisha mgeni mwingine akipiga hodi pale kwao Malindi, anamwambia, "Mwanangu yuko Ulaya, huko Dubai." Kwake dunia ilikuwa na sehemu tatu, kwetu, Makka na Ulaya, na kwa kuwa Dubai haikuwa kwetu wala haikuwa Makka, mjadala ulikwisha. Alikuwa na ombi moja tu, analirudia kila Ijumaa kwenye simu: apelekewe picha ya mwanawe amevaa koti, lile refu la watu wa Ulaya, aitundike ukumbini wageni waione.

"Inshallah, mama," dereva alikuwa akijibu, "baridi ikija."

Baridi gani ya Dubai? Wiki mbili za Januari ambazo watu hufunga shali shingoni na kwenda pwani kula barafu. Basi ahadi ikasogezwa, ikasogezwa, hadi mama akafariki picha haijapigwa.

Alifariki alfajiri akazikwa baada ya swala ya alasiri siku ile ile, maana kwetu maiti haingoji ndege. Wakati anateremshwa kaburini, mwanawe alikuwa Dubai, mtaa wa Al Warqa, kwenye foleni ya magari nje ya shule, watoto wa madam, tajiri wake, wakigombania kalamu kiti cha nyuma. Hakuna wa kulaumiwa. Madam alilia alipopata habari, akampa mapumziko jioni ile na sufuria zima la harisi ya ngano na nyama. Pasipoti yake ilikuwa imepelekwa kubadilishwa viza, na hata ingekuwa mfukoni asingewahi. Asubuhi iliyofuata alikuwa nyuma ya usukani.

Tulimsomea mama khitma chumbani kwangu Al Muraqqabat, watu wachache kwenye zulia, mmoja amelala kitandani kwa sababu alikuwa anaingia kazini jioni. Lakini hayakuwa matanga. Kwetu mfiwa hashiki ndoo wala haingii jikoni. Hukalishwa mkekani, na mtaa mzima huja mmoja mmoja kumpa mkono, mpaka yule aliyekosana naye kwa ajili ya mpaka wa kiwanja. Dereva hakukalishwa. Alitusaidia kukunja zulia, akaosha vikombe, akaondoka.

Toka siku ile vichekesho vyake vilikatika kama maji ya mfereji. Na huyu, nieleweni vizuri, ndiye aliyekuwa mchekeshaji wetu. Siku za kazi alilala kwenye chumba cha uani kwa madam, lakini Ijumaa ilikuwa yetu, na Ijumaa alikuwa akituigizia watu mpaka tunashika mbavu. Alimwigiza arbab wangu, mwenye duka la mapazia nilikoajiriwa, akipima dirisha kwa shubiri huku akiapa. Na zaidi ya wote alimwigiza mama wa rafiki yetu Mzanzibari: anavyofungua mlango kwa nyonga mikono ikiwa na sinia, anavyomkaripia mtoto huyu huku akimtazama yule. Mzanzibari mwenyewe, mwana wa yule mama, alikuwa akilia machozi kwa kucheka.

Sasa ukimwuliza dereva lolote, jibu ni moja. Umekula? Alhamdulillahi. Umelala? Alhamdulillahi. Nyumba inaungua? Alhamdulillahi. Nilihuzunika, nami nikihuzunika hukasirika, basi nikawa namgombeza kila mtu mwenye meno nje.

Ni Mzanzibari aliyesema, "Tumpeleke Ulaya." Alizaliwa Dubai, kwao ni Al Twar, babu yake alitoka Unguja zamani hizo, na alikuwa na kazi ya ofisini iliyompa muda mwingi wa kutazama tiketi za bei nafuu. Hoja yake ilikuwa rahisi: tukimfikisha Ulaya, tukampiga picha na koti, neno la mama litakuwa kweli, na mwenzetu huenda akaturudia.

Ulaya yenyewe ilikuwa Jojia, mji wa Tbilisi, kwa sababu ndiko ambako mtu mwenye ukaazi wa Dubai aligongewa muhuri uwanja wa ndege bila kuulizwa babu yake ni nani. Tukabishana. Simu yangu ilisema ni Asia, simu ya Mzanzibari ikasema ni Ulaya, na hali ya mifuko yetu ikapiga kura upande wa Mzanzibari. Mwaka ule Idi ndogo iliangukia Julai, duka la mapazia likafungwa, madam na familia yake walikuwa wamekwenda kukimbia joto ng'ambo. Tukapanga kusafiri Idi pili. Tulipomwambia dereva, akasema, "Alhamdulillahi."

Hali ya hewa hakuna aliyeitazama. Nasema hivi bila aibu: Ulaya ina baridi, hilo hulitazami, unalijua tu, kama unavyojua pilipili inawasha. Tukaenda kununua makoti kwenye duka moja la Deira katikati ya Julai, nje lami inanata kwenye viatu. Muuzaji, mzee wa Kihindi, alituuliza mara mbili kama hatuumwi. Akatutolea mzigo uliolala stoo tangu sijui lini: makoti ya sufu mazito, marefu hadi chini ya magoti, yote meusi kwa sababu rangi nyingine hazikuwepo. Mimi ni mtu wa mapazia, nguo nzito naijua kwa kuigusa, nikatamka kwamba hii ni nguo ya kutegemewa. Muuzaji alifurahi. Alitupa na vifungo vya akiba.

Kabla ya kwenda uwanja wa ndege tukapita Al Twar kuaga. Mama wa Mzanzibari alikuwa ametuandalia chakula cha kulishia kikosi: kachori, mikate ya kumimina, visheti, na chupa ya achari ya ndimu aliyoitengeneza mwenyewe.

"Ulaya hakuliki huko, wanangu," alisema. "Watakupeni viazi na maziwa basi. Na nyinyi matumbo yenu hamyajui? Mie nayajua."

Kisha akamgeukia dereva, akamtazama juu na chini.

"Na wewe, nasikia ulikuwa ukiniigiza."

Mzanzibari akatazama dari. Mimi nikashughulika na kifuniko cha achari.

"Watu wote wanambia unaniigiza, wanakufa kwa kucheka. Mie peke yangu ndo sijakuona. Ukirudi uniigize hapa hapa mbele yangu, nikuone kama unapatia."

"Inshallah, mama," dereva akasema, na midomo yake ikajaribu kitu, ikaacha.

Tiketi zetu zilikuwa za wale wanaosafiri na begi dogo tu, na begi dogo hupimwa. Ndani tulikuwa na kanzu zetu za Idi, kofia, na nguo za kubadilisha. Makoti na chakula havikuingia. Basi tukavaa makoti, tukajaza chakula mifukoni, na hivyo ndivyo tulivyotoka mchana wa Julai Al Muraqqabat, watu watatu weusi tii kutoka shingoni hadi chini ya magoti, tumevimba kachori. Wapita njia walitupisha. Dereva wa teksi, Mpathani mwenye ndevu nyekundu, aliongeza kiyoyozi bila kuombwa, akawa anatusomea dua kwenye kioo.

Kwenye ukaguzi wakaitoa achari. Chupa nzima ya maji maji haipandi ndege, askari alisema, khalas. Mzanzibari alisimama pale kama mtu aliyeambiwa amwache mama yake mlangoni. Mimi nina moyo mgumu katika mambo mengine lakini si katika chakula. Nikatoa mikate ya kumimina mfukoni, nikaigawa, na tukasimama kando tukaila ile achari yote, koti juu, jasho chini, askari akitazama. Mwisho akanyoosha kidole akaonja. Macho yalimtoka. Mzanzibari na mimi tulikuwa tukipuliza midomo kama watu wanaowasha moto. Nikamtazama dereva. Anatafuna. Hata ndimu ya mama wa Al Twar haikumkunja uso.

"Vipi?" nikamwuliza.

"Alhamdulillahi."

Mlango wa ndege ulipofunguliwa Tbilisi, joto likatupokea kama jamaa. Lilikuwa joto la haki, la kukausha nguo, na watu wa Ulaya walikuwa wamevaa kaptura na kandambili. Mzanzibari alikataa kuamini. Alisema hili ni joto la uwanja wa ndege tu, mjini kutakuwa na baridi. Mjini kulikuwa na joto zaidi. Hatukuyavua makoti kwa sababu hatukuwa na mahali pa kuyaweka, na watoto walitufuata hadi kwenye kona.

Hata hivyo kilichotuleta hatukukisahau. Tulimsimamisha dereva kando ya mto, kasri na kilima nyuma yake, koti limefungwa vifungo vyote, tukamwambia tabasamu. Picha ilitoka ya mtu aliyekamatwa. Tukajaribu kwenye daraja, ikatoka ya mtu aliyekamatwa zaidi. Aliitazama kwenye simu, akasema, "Mama angeuliza nimeiba nini," akaifuta. Nilishtuka, maana hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyosema kwa miezi. Lakini hakuyasema kwa mzaha.

Tulikodi chumba katika nyumba ya zamani yenye ua katikati na roshani za mbao kuzunguka, nguo zimeanikwa kutoka kwa jirani huyu hadi kwa yule. Mwenye nyumba alikuwa mama mpana mwenye meno ya dhahabu, asiyejua lugha yoyote tunayoijua, akaongea nasi kwa mikono na kwa kupandisha sauti. Ua ule ulinipendeza mara moja. Ulikuwa na kisima, mzabibu, na watu wanaotazama. Nasi tukafanya kama tulivyolelewa, tukamsalimia kila mtu, tukitoka na tukirudi. Wengine walizoea. Mwanamume mmoja wa makamo, ndevu hazijanyolewa siku kadhaa, alikaa kwenye ngazi ya ghorofa ya juu anavuta sigara, na hakujibu. Dereva alimwinulia mkono kila tukipita. Yule bwana alijibu kwa kidevu.

Siku ya pili Mzanzibari aliamua kwamba dawa ya huzuni ni maji ya moto. Mji ule una mabafu ya chini ya ardhi, maji yanatoka ardhini yenyewe na yananuka mayai yaliyooza. Akatokea bwana mmoja mwenye mikono kama makasia, akanilaza kwenye jiwe, akanisugua kwa glovu ya magunia. Nilipiga kelele. Sikuona haya kupiga kelele, kulikuwa na ngozi yangu inayokwenda na maji. Nilimwita mama yangu, nikamwita arbab, nikaapa kwa Kiarabu cha dukani. Mzanzibari alicheka hadi akateleza akakaa ndani ya ndoo, na ndoo ikamkatalia kutoka, ikabidi yule bwana wa makasia amvute mabega na mimi nivute ndoo.

Dereva alikuwa amekaa pembeni na taulo, ametulia. Alisubiri tumalize, akamwokotea Mzanzibari sabuni yake.

Jioni Mzanzibari aliniambia kwa sauti ya chini, "Hatumpati, ndugu yangu. Kaenda." Nilimjibu kwa ukali kwamba anyamaze. Tulikuwa na siku moja tu mbele yetu.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Asubuhi ya siku ya tatu tulitoka tukakuta ua umebadilika. Wanaume wanafunga turubai kutoka roshani hadi roshani. Mabenchi yanaingia, meza ndefu zinaingia, masufuria makubwa yameinjikwa karibu na kisima, mwenye nyumba wetu amekaa mbele ya mlima wa viazi.

"Harusi," akasema Mzanzibari, na uso ukamng'aa. "Hii harusi hii, wallahi. Tazama masufuria."

Hebu niambieni, mtu wa pwani akiona turubai, benchi na sufuria anasubiri kadi? Shughuli ni watu. Tulikunja mikono ya mashati. Dereva na mimi tukabeba mabenchi, Mzanzibari akashika kisu akakaa kwenye viazi, na mwenye nyumba alitutazama kwa mshangao, kisha akamshika Mzanzibari shavu. Nilitaka kuhakikisha, nikamwonyesha kidole cha pete na nikacheza hatua mbili tatu mbele yake. Akatikisa kichwa na kufuta macho kwa aproni.

"Ni mama wa bibi harusi huyo," Mzanzibari akanifafanulia. "Hulia daima. Mama yangu alilia kwa dada yangu siku saba, na bwana mwenyewe yeye ndiye aliyemtafuta."

Kazi ya viazi ilipokwisha, Mzanzibari alisema hatuwezi kwenda harusini mikono mitupu. Akaomba unga jikoni kwa mwenye nyumba, akakaanga kaimati, akazimwagia shira, sinia likajaa. Tukaoga. Tukavaa kanzu za Idi, nyeupe pe, kofia za kushona kwa mkono, tukajipaka mafuta ya udi ambayo pale ngazini peke yake yangeamsha mgonjwa. Dereva alivaa alichoambiwa avae. Mimi nilibeba sinia. Mzanzibari akasikitika kwamba hatukuja na mwanamke hata mmoja wa kupiga vigelegele, akaamua kupiga makofi mwenyewe, yale ya kumsindikiza bwana harusi, na hivyo tukateremka ngazi kwa mbwembwe, mimi nikiyumbisha sinia kidogo kwa mdundo.

Ua mzima ulikuwa umevaa nyeusi.

Walikuwa wengi, wamesimama, na wote walikuwa wakitutazama sisi. Ukutani, karibu na mlango wa ngazi ya pili, kifuniko cha jeneza kilikuwa kimeegemezwa. Kando yake, kwenye kiti, picha kubwa ya bibi kizee mwenye kitambaa kichwani. Makofi ya Mzanzibari yaliendelea mawili zaidi, kwa sababu mikono ilikuwa haijapata habari. Nikaona haya hadi masikio yakawaka. Sinia la kaimati lilikuwa zito kuliko benchi lolote nililobeba asubuhi.

Tukarudi juu kinyumenyume.

"Tutokee nyuma," nikasema chumbani.

"Hakuna nyuma," akasema Mzanzibari. Alikuwa amekaa kitandani ameshika kichwa. "Nimempigia maiti makofi. Mama akisikia nimempigia maiti makofi…"

Dereva alikuwa amesimama katikati ya chumba. Akasema, "Makoti."

Tukamtazama.

"Makoti meusi. Tuvae juu. Hatuwezi kukaa huku juu na msiba uko chini. Yalla, twendeni."

Nilikuwa sijasikia yalla yake tangu mama yake afariki. Tukavaa. Vifungo vyote hadi kooni, sufu nzito juu ya kanzu, kanzu zikichungulia chini, joto la kupasua tikiti. Tulipoteremka mara ya pili hakuna aliyecheka. Bibi mmoja alitazama makoti yetu, akainamisha kichwa kwa heshima.

Wakati huo huo jeneza lilikuwa linashuka kutoka ghorofa ya juu, na lilikuwa limekwama. Ngazi zile za mbao hupinda kama zilijengwa na mtu aliyekuwa akibadilisha mawazo, na pale kwenye kona wabebaji hawakuweza kwenda mbele wala kurudi. Mmoja wao alikuwa yule bwana wa sigara, ndevu bado hajanyoa, uso mwekundu, analia na huku anasukuma. Ndipo nilipojua maiti ni wa nani. Alikuwa mama yake.

Kwetu jeneza halitazamwi. Likipita njiani unaacha ulichonacho, unakimbia unatia bega, hata kama humjui aliyelala ndani, hatua chache tu kisha unampa mwingine. Dereva hakufikiri. Niliona koti lake linapanda ngazi, akajipenyeza chini ya kona iliyokuwa inalegea, akatia bega.

"Yafaa hii?" Mzanzibari akaninong'oneza. "Si Mwislamu huyu."

"Mama wa mtu anaanguka na wewe unataka fatwa?" nikamjibu, tukapanda na sisi.

Na pale, chini ya jeneza, dereva akawa dereva. Akaanza kuliongoza kama anavyoongoza gari la madam kutoka kwenye geti jembamba, kwa sauti ya juu, kwa Kiswahili.

"Rudisha. Rudisha kidogo. Simama! Kulia, kulia, kulia… bas. Nyoosha. Taratibu, usikwaruze. Njoo, njoo, njoo."

Hakuna aliyejua neno hata moja, na wote walimtii. Jeneza lilirudi, likapinda, likanyooka. Mzanzibari alikuwa amebanwa kati ya ukuta na nguzo, akanyoosha mkono kulishika kwa juu, na koti lake likapasuka kwapani kwa mlio ambao ua wote uliusikia. Tukateremka. Tukaliweka juu ya viti chini ya turubai, mbele ya picha ya yule bibi, na watu wakapumua.

Dereva akabaki amesimama, mikono inaning'inia. Yule bwana wa sigara akamsogelea, akamshika bega, akasema kitu. Dereva akaingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa simu, akamwonyesha picha. Naijua ile picha. Mama yake amekaa kwenye kibaraza Malindi, leso kichwani, anamkaripia anayempiga.

Yule bwana aliitazama. Akamtazama dereva. Kisha akamshika mkono wa koti akamvuta hadi kwenye mstari wa wanaume waliosimama kando ya jeneza, wana na ndugu wa marehemu, akamsimamisha ubavuni pake.

Watu wakaanza kupita mbele ya mstari mmoja mmoja kutoa mikono. Walimpa mkono mwana, wakampa mkono dereva. Mzee mmoja alimbusu mashavu yote mawili. Mwenye nyumba wetu alimkumbatia hadi kofia ikaanguka, akaiokota, akamvisha mwenyewe, imepinda. Hakuna aliyeuliza huyu ametoka wapi. Alikuwa amesimama upande wa wafiwa, basi alikuwa mfiwa. Na dereva akalia. Alilia kinywa wazi kama mtoto, bila kujifuta, na kila aliyefika alimpokea mkono wake kwa mikono miwili.

Sikujua nifanye nini na nafsi yangu. Mzanzibari akanivuta. Tukaingia kwenye foleni nyuma ya mzee mwenye mkongojo, tukasogea polepole na makoti yetu, na nilipofika mbele ya rafiki yangu nikampa mkono kana kwamba nimetembea kutoka Mombasa hadi Malindi kumpa.

"Pole, ndugu yangu. Mungu amlaze mama mahali pema."

"Amin," akasema. "Ahsante kwa kuja."

Akafuata Mzanzibari, machozi yanamtoka. "Pole, ndugu yangu. Mungu ampe—"

Dereva alikuwa bado anamshika mkono. Macho yakateremka hadi kwapani pa koti. Na kutoka kwenye uso ule ulioloa ikatoka sauti ya mama wa Al Twar, taratibu, kamili, na nyonga ikasogea kidogo kana kwamba inafungua mlango.

"Wee mwanangu, ndo koti gani hilo? Limeachama kwapa kama kinywa cha chewa. Utanitia aibu msibani kwa watu."

Mzanzibari alitoa sauti niliyowahi kuisikia kwa mbuzi. Mimi niliuma ulimi. Dereva mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa, na kicheko kilimtoka puani kikichanganyika na kilio, hata sijui kipi kilianza na kipi kilimaliza. Tukashikana watatu pale mstarini, vichwa vimegusana, mabega yanatikisika. Walioona walidhani tumezidiwa na majonzi. Wakaja wakatupa mikono na sisi.

Picha tulipigwa asubuhi ya kuondoka, uani, mpigaji yule bwana wa sigara mwenyewe. Mzanzibari na mimi tumekatwa, tumebaki mabega. Katikati yuko dereva amevaa koti refu, vifungo vyote, jasho linameremeta, anacheka meno yote. Tuliporudi Dubai, kule Al Twar alimwigiza mama mbele ya mama mwenyewe, kama alivyoagizwa, akaambiwa amepatia kila kitu isipokuwa mwendo, akafundishwa mwendo.

Ile picha dada yake ameitundika ukumbini Malindi. Mgeni akiuliza huyu nani, hujibiwa kama marehemu mama alivyotaka: ni mwanawe, yuko Ulaya. Mara nyingi saa hiyo huwa yuko Al Warqa, kwenye foleni ya shule.